Mwalimu wa Kilo Saba

"Wewe unaenda kukaa, ama unaenda kurudi?"

Aliniuliza hivyo akiwa ameinamia begi langu lililokuwa wazi juu ya meza yake ya chakula, bila kuniinulia macho, mkono mmoja umeishika pasi yangu ya umeme kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada moja, barua ya kukubaliwa na chuo kimoja cha Warsaw, na tiketi ya bei ya chini kabisa ambayo haikuruhusu mzigo wowote isipokuwa begi la mkononi la kilo saba. Siku hizo nilikuwa na jibu la kila kitu.

"Mwalimu, naenda kusoma."

"Sikukuuliza hiyo," akasema, akaiweka pasi pembeni.

Mtaani kwetu Kicukiro, Kigali, mama huyu aliitwa Mwalimu tu. Alikuwa amefundisha jiografia, kwanza Bujumbura alikokulia, kisha hapa, mpaka alipostaafu. Habari za ukoo wake sikuwahi kuuliza, na ningeuliza nadhani angenichorea ramani ya mvua. Nilichokijua, na alichokijua kila mtu mtaani, ni kwamba ukipata safari ya ndege na huna uwezo wa kulipia mzigo, unapeleka begi lako kwake siku chache kabla. Analifungua, anatoa, anapanga upya, analifunga. Na anachokitoa hakirudi kwenu. Anakitia kwenye boksi, boksi linaingia chumba cha nyuma, naye anakuambia maneno yaleyale aliyomwambia kila aliyepita pale: "Ukirudi utakuta."

Ahadi yake ilikuwa hiyo moja, na alikuwa ameitoa kwa watu wengi mno. Watu wanarudi lini? Wengine hawarudi. Nyumba ilikuwa ya kupanga, yeye alikuwa mtu mzima, chumba cha nyuma kilikuwa na kuta nne kama vyumba vingine. Tangu nilipokuwa sekondari nilikuwa najiuliza ahadi ile angeitimizaje, na nikimwuliza Mama, Mama alisema nina maswali kama polisi.

Vifaa vyake vya kazi vilikuwa viwili. Kwanza mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, ambayo aliifunga kwenye kenchi ya baraza. Pili kreti la mbao aliloliagiza Gisozi kwa mafundi seremala wa Agakiriro, lenye vipimo kamili vya kile kizimba cha uwanja wa ndege wanachokuwekea mbele wakuambie, tia begi lako humu. Inasemekana fundi alimwuliza, "Mwarimu, hii ni kabati ya nini?" Akamjibu, "Ya kupimia tamaa." Fundi alilipiga msasa vizuri kuliko lilivyohitaji, pembe zote laini, na Mwalimu alilalamika kwamba sasa mabegi yanateleza ndani kwa upole ambao kizimba cha kweli hakina.

Sharti lilikuwa begi liingie bila kusukumwa. Ukilisukuma hata kwa kidole, anafungua zipu na kuanza upya.

Mimi nilikuwa namfuatilia kwa udadisi wa mtu anayetafuta kosa. Wakati mmoja, nikiwa chuo mwaka wa pili, nilimbishia kuhusu kuviringisha nguo. Yeye aliziviringisha zote ziwe kama chapati za kukunja, akazifunga kwa vipande vya kitenge, kwa sababu mifuko ya plastiki nchini kwetu ni marufuku. Nilikwenda nyumbani nikafanya jaribio: nguo kumi zilezile, mara moja kwa kuviringisha, mara moja kwa kulaza tabaka. Nafasi ilikuwa sawasawa. Nikarudi kwake na matokeo kwenye karatasi, na nadhani nilikuwa natabasamu.

Akaisoma karatasi yote. "Bon," akasema. "Nafasi ni ileile. Nani alikuambia naviringisha kwa ajili ya nafasi?"

"Sasa kwa ajili ya nini?"

"Fungua kabati yako, uniambie iko nini chini kabisa."

Akasema aliyelaza tabaka husahau cha chini, na mtu aliyesahau alicho nacho hununua kingine. Kisha akaomba abaki na karatasi ile, akaibandika ukutani kati ya ramani ya Maziwa Makuu na kalenda ya parokia, na kwa miaka mingi kila mgeni akioneshwa jaribio langu aliambiwa, "Huyu mtoto wa jirani alinishinda kwa hesabu."

Jambo ambalo lilinikera zaidi ni kwamba hakuwahi kupanda ndege. Nilimwuliza moja kwa moja, mbele ya watu, maana ndivyo nilivyokuwa.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kusafiri kwa ndege?"

"Hapana."

"Sasa unawafundishaje watu?"

"Nilifundisha volkano miaka mingi sana, mwana wanjye. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza kama nimewahi kulipuka."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi pia nilicheka, lakini nikaondoka nikisema moyoni kwamba hilo si jibu, na bado nasema si jibu.

Kukosea alikosea. Kijana mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa anakwenda Ottawa mwezi wa Januari, na Mwalimu aliamua koti la baridi halipandi begini, linavaliwa. Koti, sweta mbili, suruali juu ya suruali na viatu vizito. "Kilichovaliwa hakipimwi," alisema. Kijana alifika uwanjani mchana wa jua kali, jasho likimtiririka mpaka masikioni, na wahudumu walipomwona wakamweka kando wakampima joto mara tatu wakidhani ni mgonjwa. Ndege nusura imwache. Ujumbe wake wa kwanza kutoka Kanada ulisema: "Mwalimu, nimefika, ila nimefika nimepikwa."

Alipousoma mbele yetu nilidhani ataomba radhi. Alimwandikia kijana tu, "Koti limefika?"

"Limefika."

"Basi." Lakini baada ya hapo aliongeza neno: koti linavaliwa mkononi mpaka uitwe kupanda. Hakusema kwamba amebadilisha sheria. Alisema ameieleza vizuri zaidi.

Alitoa Biblia kwenye begi la mwanamke wa kanisani kwake, akisema Neno la Mungu liko kwenye simu, kisha rozari aliyoikuta akairudisha mwenyewe ndani ya soksi bila kuipima. Alimkataza bibi harusi mmoja aliyekuwa anamfuata mume Lyon asichukue viatu vya harusi, lakini sufuria lake kubwa la maharage akalipitisha. Tuliokuwepo tulipinga. Yeye akalijaza sufuria chupi, chaja, dawa za meno na kitenge kimoja, akafunika, likaingia begini kama yai kiotani. "Kitu kilicho na tumbo si mzigo," alisema. "Ni begi dogo." Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Aliyehubiri wepesi huo alikuwa na nyumba ambayo ungepita kwa ubavu. Atlasi za shule zilizokwisha kazi, redio tatu ambazo mbili hazikusema, magazeti, makopo ya chaki ambazo hakuna ubao uliozingoja. Nilimwambia anawatoa watu kibanzi wakati yeye ana boriti, naye akajibu kwamba yeye hasafiri, kwa hiyo boriti haimwongezei kilo.

Siku yangu ilipofika, vita haikuwa yangu naye. Ilikuwa yake na Mama.

Mama alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake ni cha huko. Cha Mwalimu kilikulia Buyenzi, Bujumbura. Wanawake hawa wawili walikuwa wanasahihishana sarufi kwa miaka, kwa heshima kubwa, kama watu wanaotoana vumbi begani. Lakini siku hiyo Mama alileta impamba, chakula cha njiani ambacho kwetu msafiri haondoki bila kufungiwa. Unga wa karanga, dagaa wakavu, chupa ya asali, pilipili ya mafuta, na mikate ya mahindi. Mwalimu aliitundika kwenye mizani pale pale. Kilo tatu na robo.

"Mama Keza," akasema taratibu, "mtoto abebe dagaa ama abebe nguo za ndani?"

"Abebe vyote."

"Iko kilo saba tu."

"Basi apunguze vitabu. Hivi kule hakuna vitabu?"

"Kule hakuna dagaa?"

"Hakuna niliowaanika mimi."

Mama alikuwa amekubali niende kwa shida. Alikuwa amesema, mbele ya baba mdogo na mbele ya Mwalimu, kwamba ananiruhusu kwa sababu begi ni dogo. Kwamba mtu anayehama huondoka na masanduku, na mwenye begi la mkononi anatembea tu. Niliona kwamba zile kilo tatu na robo zilikuwa ndizo zote alizobakiwa nazo za kunipa, na nikaona pia kwamba haziingii.

Mwalimu akaenda jikoni kwake akarudi na sahani sita.

Aliwapanga watu mezani, Mama, baba mdogo, mimi na majirani wawili waliokuwa wamekuja kuangalia, akafungua kila kitu kilichokuwa kimefungwa, akakaanga dagaa, akamwaga asali juu ya mikate. "Impamba iingie tumboni," akasema. "Tumbo halipimwi." Nilikula mpaka nikashindwa kupumua, Mama akiniangalia kila tonge linavyoshuka. Alipoinuka alikuwa amelia kidogo na alikuwa amejipaka asali kidevuni. Baadaye niligundua kwamba kila familia iliyopita pale ilikuwa na mlo kama huo, na kwamba ndiyo sababu mtaa mzima ulijua tarehe za safari za watu.

Halafu akaandaa boksi langu. Pasi, vitabu vinne, viatu vya kisigino, magauni mawili ya harusi za binamu, albamu ya picha. Hakuandika jina. Aliandika latitudo ya ninakokwenda, kwa kalamu nene: 52 Kaskazini. Maboksi yote yalikuwa hivyo. Alisema majina yanafanana, na watu wa Kigali wakiona jina hutaka kujua kilichomo. Namba haimsisimui mtu.

Nilichungulia chumba cha nyuma siku hiyo. Nilihesabu maboksi manane. Watu niliowajua mimi tu, walioondoka kupitia meza ile, walizidi thelathini, na waliorudi hawakufika kumi. Nilidhani mengine ameyaficha kwingine, au ameyagawa. Sikuuliza, jambo ambalo kwangu ni la ajabu, lakini nilikuwa nimeshiba na ndege ilikuwa kesho yake.

Kuna waliorudi wakakuta. Mmoja alirudi baada ya miaka sita, akapewa boksi lake, ndani kulikuwa na viatu vyake vya mpira. Alivijaribu pale pale barazani, vikambana, akacheza navyo hivyohivyo siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tulipomaliza kufyeka. Kwa hiyo ahadi ilikuwa inatimia. Mimi nilitaka kujua tu inatimiaje.

Warsaw niliishi na kilo saba kwa majuma matatu, kisha nikanunua. Hilo sikumwambia.

Mara ya mwisho kumwona ni miaka mitatu baadaye, nilipokuja likizo. Mwenye nyumba alikuwa ameuza, na Mwalimu alipaswa kuhamia Busanza kwa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye alikuwa na nyumba ndogo na chumba kimoja cha ziada. Pikapu ilikuwa moja, safari moja. Nilikwenda kusaidia asubuhi, na nikawakuta wamesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Tanti," mpwa alikuwa anasema, "gari iko moja. Chumba iko kidogo. Kitanda, kabati, meza, viti viwili, imekwisha. Maboksi ya watu yabaki."

"Yabaki wapi?"

"Sijui. Wenyewe wakuje wachukue."

"Wenyewe hawapo."

"Si ndiyo nasema? Miaka minane, kenda, mtu hajakuja hata kusalimia. Wamekusahau, Tanti. Wewe ndiye mlinzi wa viatu vya watu."

Mwalimu alihesabu kwa kidole. Maboksi kumi na moja. Kisha akauliza urefu wa pikapu, na mpwa alipokadiria kwa mikono, akaenda mwenyewe kuipima kwa hatua, kwa kandambili zake, dereva akimwangalia kwenye kioo.

Nilidhani atachagua. Nilikuwa nangoja kuona atachaguaje, latitudo ipi ibaki, ipi iende. Nilitamani kweli kuona, kwa sababu hapo ndipo ahadi ingevunjika, na nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu sekondari.

Akamwita jirani mwenye watoto wengi, akamwambia achukue kitanda.

"Mwalimu, utalala wapi?" nikamwuliza.

"Kitanda ni mbao, Keza. Gisozi kumejaa mbao."

Kabati, meza na viti vikaenda kwa mlinzi wa mtaa. Redio, pamoja na ile iliyokuwa inasema, zikaenda. Atlasi alizipeleka mwenyewe shule ya msingi ya jirani, safari nne kwa miguu, akakataa nimsaidie. Ramani ya Maziwa Makuu aliikunja akaiangalia, akaikunjua, akampa dereva. Mpwa wake alikaa kwenye ngazi, akishika kichwa. Ilipofika saa sita, vitu vyake vyote vilikuwa ndani ya begi moja la mkononi, na kwa mazoea akalitundika kwenye mizani kabla ya kuifungua mizani yenyewe kutoka kenchini. Kilo sita na kidogo.

"Iko nafasi bado," akasema, akatia godoro jembamba nyuma ya maboksi, nje ya begi. Nikamwambia hilo ni kudanganya. Akasema godoro linapanda gari, si ndege.

Mimi ndiye niliyepakia maboksi. Nilisoma kila moja. 45, 46, 51, 59, moja lilikuwa kusini, 34. Mawili yalikuwa na latitudo moja ya 40. Nilisoma mara ya pili. 52 halikuwemo.

"Mwalimu. Langu liko wapi?"

"Liko mahali pake."

"Mahali gani? Hapa silioni."

Alikuwa anafunga kamba. "Unaondoka lini?"

"Jumapili."

"Basi liko mahali pake."

Nilimwuliza tena, na safari hii sauti yangu haikuwa nzuri. Hata mpwa wake aliinua uso. Nilimwambia aliniahidi. Nilimwambia kama amegawa aseme tu amegawa, si vibaya, ni vitu tu. Yeye alivuta fundo likakaza, akanishika bega, akapanda mbele na begi lake mapajani. Nilikuwa nimesema nitapita Busanza kumuaga kabla ya Jumapili. Sikupita. Nilijiambia kwamba nimeona nilichotaka kuona: kati ya ahadi zote, iliyovunjika ni yangu.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, Mama alinipigia simu kwamba Mwalimu amefariki. Nilikuwa kazini. Nilisema pole, nikakaa kwenye ngazi za jengo kwa muda, kisha nikarudi ndani.

Nilirudi Kigali mwaka jana, bila tiketi ya kuondoka tena. Wiki ya pili Mama aliingia chumbani kwangu akilisukuma kwa mguu boksi kutoka chini ya kitanda chake. 52 Kaskazini, mwandiko wa Mwalimu, kamba yake, haijafunguliwa.

"Alikupa lini?"

"Siku uliyopanda ndege. Jioni ileile alibisha hodi. Alikuwa anawapelekea kina mama wote. Aliniambia nisikuambie, maana ukijua liko kwangu utaniambia nimgawie binamu yako, kwake usingethubutu. Mtoto akirudi, mama analipeleka kwa Mwalimu usiku mmoja kabla, yeye analitoa."

"Lakini nilirudi. Nilimwuliza mbele ya watu."

"Hukuwa umerudi. Ulikuwa umekuja likizo. Alinipigia siku hiyo kuniuliza, mimi ndiye niliyesema bado."

Nilikaa chini kando ya boksi. Nilimwuliza kuhusu yale kumi na moja, yaliyomfanya aache kitanda, kwa nini hakuyapeleka kwa kina mama kama mengine. Mama akaniangalia kama ninavyoangaliwa ninapouliza jambo ambalo kila mtu mtaani analijua.

Yalikuwa ya wale walioondoka bila kuacha mtu yeyote nyumbani.